Maziwa ya Mama Estelle

Kila asubuhi, kabla ya shule, Umuhoza alipeleka maziwa kwa wateja wa Kirotshe. Jumamosi mama yake alijaza kibuyu kingine, cha Mama Estelle. Huyo alikuwa mwalimu wa chuo ambako Jado asiyeona, kaka yake Umuhoza, alisomea kwa simu.

Mama Estelle alikuwa akija anajifungia chumbani na Jado. Siku moja Umuhoza alitega sikio mlangoni.

"Namba tatu, jibu iko gani?" mwalimu aliuliza.

"Ile ya pili," Jado alijibu.

Haa! Mkono mtupu haulambwi. Kumbe Jado alikuwa akinunua pointi za mtihani kwa maziwa! Umuhoza alijua vyema kwamba kwao mgeni haondoki bila maziwa, lakini shaka ilikwisha kumwingia. Kwenye chemchemi akamnong'oneza rafiki yake Muhawenimana. Ulimi hauna mfupa. Neno likafika kwa mkuu wa chuo, naye akamsimamisha Jado masomo.

Jado alilia waziwazi. Umuhoza aliumia, ila bado hakumwamini.

"Kaka, Mama Estelle anakupatiaka nini mule chumba?"

"Funga macho," Jado alisema, akabonyeza simu. Sauti ya mwalimu ikasikika: "Angalia huu muchoro. Huu mustari unapanda, ule unashuka."

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Mi pia. Namuambiaka fasi yenye nimepotea mu somo, anarekodi tena. Ile namba tatu ilikuwa zoezi, ajue kama nasikia maulizo yote."

Akafungua somo jipya: "Mustari wa kwanza njo bei ya maziwa ku soko ya Bweremana. Wakati wa jua kali inapanda..." Umuhoza akauona mchoro wote kichwani. Aibu ikamshika.

Alikwenda chuoni na mama yake, akakiri.

"Ao unamutetea tu kaka yako?" mkuu aliuliza kwa ukali.

"Papa, funga macho, usikilize," Umuhoza alimjibu kwa heshima, akabonyeza simu ya Jado.

Mkuu alisikiliza masomo yote mawili, la zamani na jipya. Jado akarudishwa.

Jumamosi Mama Estelle alikunywa maziwa yake taratibu. "Hata wanafunzi wa Kashebere, wenye picha hazifungukake mu simu zao, sasa wanafwata," alisema. "Umuhoza, mashaka si kosa. Mi niliona mashaka na masomo yangu mwenyewe, njo nikakuja kumuuliza Jado. We uliuliza chemchemi."

Umuhoza aliinamisha kichwa. Kisha akachukua dumu lake la maji, akaenda chemchemi kumtafuta Muhawenimana.