Nikimaliza Kukagua Gari, Tuachane

"Wewe dada, unakagua gari au umelala?" muuza magari aliinama, akachungulia chini ya lile gari kubwa jeusi la safu tatu za viti.

"Nakagua. Raba za bush za mbele zimekwisha," fundi alijibu, kalala chali juu ya kipande cha boksi. "Umezipaka rangi ukadhani nitaziona mpya?"

Muuza magari akajikuna kichwa. Alizoea wateja wa kupiga teke tairi na kuulizia redio. Leo kaletewa mwanamke aliyekula grisi miaka kumi na miwili!

Lakini moyo wa fundi haukuwa kwenye bush. Asubuhi ile, kabla ya kutoka gereji, alimtumia mchumba wake ujumbe: "Nikimaliza kukukagulia gari, tuachane. Siwezi kumwacha mama yangu." Mchumba mwenyewe, seremala mpole wa maneno machache, hakuwa ameusoma. Simu yake ilikuwa imezima, inachajiwa ofisini kwa muuza magari.

Chanzo ni wifi yake, dada wa seremala. Jumapili alisema mbele ya wote, "Mama mkwe na kiti chake cha magurudumu abaki kwao. Nyumba ya maharusi si wodi." Seremala alikuwa amekaa hapohapo, na hakusema hata neno. Kimya kile kilimkata maini fundi.

Alipotoka chini ya gari, akamkuta seremala amejikunja ndani ya buti na tepu ya kupimia.

"We mwanaume, injini iko mbele!"

"Najua. Sentimita mia moja na nne," alinong'ona, penseli sikioni.

"Mia moja na nne ya nini? Unataka kubebea makabati?"

"Kiti cha mama kikikunjwa ni themanini na tisa. Kinaingia bila kufunguliwa magurudumu."

Fundi akashika mlango wa gari. "Mama yupi?"

"Mama yako, kwani kuna mwingine mwenye kiti? Jana nilienda kumpima. Kiti kwanza, halafu goti lake mpaka chini, nimchongee ngazi ya kupandia. Akanicheka, 'Ngoja nife kwanza, mkwe, ndipo uje unipime jeneza!' Na mlango wa chumba atakachokaa kwetu nimeshautanua."

"Sasa mbona Jumapili ulinyamaza?"

"Sikuwa nimepima. Ningesema ahamie, halafu kiti kikwame mlangoni? Siongei kabla sijapima, unanijua."

"Hiyo ni ya meza na makabati, baba! Mimi ni mtu! Mimi niambie hata kabla hujapima!"

Mara muuza magari akatokea na simu mkononi. "Bwana, imewaka. Ina ujumbe."

"Lete hapa!" Fundi akairukia, akachelewa.

Seremala akasoma. Akasoma tena. Penseli ikamdondoka.

"Tuachane?"

"Nilidhani umekubaliana na dada yako."

"Imeniuma," alisema. Akapiga simu palepale, spika wazi.

"Dada, mama mkwe wangu anahamia kwetu. Nilikosea kunyamaza Jumapili."

Dada akaguna. Kisha: "Na mimi nilipitiliza. Mwambie wifi anisamehe. Ila hilo gari, mimi nitapata siti?"

"Safu ya nyuma kabisa."

Fundi akacheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa mkono wenye grisi, uso ukawa balaa tupu. Tangu Jumapili alikuwa hali wala halali vizuri. Sasa alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

"Jamani," muuza magari akauliza, "mnachukua gari au mnaachana?"

"Bush unabadilisha wewe, kisha tunachukua. Tupe funguo tulijaribu taratibu," fundi akajibu.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa ovaroli. Ujumbe umetoka kwa mtu aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwake: "Ombi lako limekataliwa. Panda, ukae mbele."

Akapanda.

"Haya, tunalijaribia wapi?" seremala akauliza.

"Kwa mama. Mpaka akae yeye, ukaguzi haujaisha."