Sauti ya Puani

Ilianza na wali wa nazi. Kuruthumu alikuwa ameketi karibu kabisa na jiko, anamsuka nywele binti yake Subira, na wali ukaungua mpaka ukawa mkaa bila yeye kushtuka. Mtoto ndiye aliyesema, "Mama, chakula kinaungua." Kuruthumu akavuta pumzi. Hakusikia harufu yoyote.

Baadaye pua ikavimba, ikawa ngumu kwa ndani, ikatoa magamba yenye damu, na ikanuka. Mwenyewe hakuisikia harufu hiyo, ila mumewe Nurdini, mkata mikoko aliyezoea kila aina ya tope bovu, alihamia kulala barazani. Zahanati walimpa dawa za mafua. Kisha sauti nayo ikageuka, kila neno likawa linatokea puani.

Hapo ndipo watu walipoogopa, maana pwani nzima inajua wanaosema puani ni akina nani. Kijijini kwao Kiongoroni mtandao wa simu husuasua, lakini wa umbea haujawahi kukatika. Jua halijazama, kijiji kizima kilishajua kwamba mke wa Nurdini ana jini la mikokoni.

Mama mkwe wake, Bi Mwajabu, akamwita mganga, Mzee Ussi. Wakamfunika Kuruthumu shuka jeupe, wakamfukiza udi na ubani. Moshi uliwaliza wote chumbani, yeye hakuisikia harufu yake hata kidogo. Alichosikia ni Subira akilia nje.

"Mgeni, tumekukaribisha kwa heshima," mganga alinong'ona. "Tuambie, unataka nini?"

Kuruthumu alidhani anaulizwa yeye. "Nataka mwanangu," akajibu, puani.

Bi Mwajabu akashika mdomo. "La haula! Linamtaka mtoto!"

"Mama, ni mimi," alilia Kuruthumu, lakini kila alivyozidi kusema, sauti ile ilizidi kuwatisha. Siku hiyohiyo Subira alipelekwa nyumbani kwa Bi Mwajabu, ng'ambo ya kijito, na mama mtu akakatazwa kumkaribia.

Pua haikumuuma Kuruthumu kama kumkosa mwanawe. Ndiyo maana Nurdini alipopata nafasi kwenye boti ya kwenda Nyamisati ili ampeleke hospitali, mkewe hakubisha. Hospitali ya Kibiti waliwaandikia rufaa waende Dar, na huko Dokta Amal akamulika pua kwa taa, akakata kipande kidogo cha nyama, akakipeleka maabara.

"Ni vijidudu," alisema majibu yalipotoka. "Ugonjwa adimu. Hukaa puani miaka na kuifanya nyama kuwa ngumu. Unatibika, ila dawa utameza miezi mingi."

"Kwa hiyo si jini?" Nurdini aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwenye hadubini sikuliona," daktari akacheka.

Nurdini alimpigia mama yake simu palepale. Bi Mwajabu alilia kwa aibu. "Nimemdhulumu mkeo mie. Basi akija, hata akisema puani vipi, nitampa mwanawe."

Kuruthumu alimezea dawa zake Kibiti, nyumbani kwa wifi yake. Polepole sauti ikarudi, na asubuhi moja alisikia harufu ya vitunguu vikikaangwa, akalia kwa furaha. Siku waliyorudi Kiongoroni hakungoja hata mizigo ishushwe. Alivuka kijito mbio.

"Hodi, Mama! Nimemfuata Subira."

Bi Mwajabu alitoka na upawa mkononi, anatabasamu. Kisha akatazama nyuma ya mkwewe, huku na huku.

"Mbona peke yako? Mtoto umemwacha na nani?"

"Mtoto gani, Mama?"

"Si ulikuja jana magharibi, mwanangu. Ulisimama hapohapo, umejitanda kanga mpaka machoni, unanuka masikini, ukasema kwa ile sauti yako ya maradhi, 'Nataka mwanangu.' Nikaona haya kukuuliza maswali. Nikakupa."

"Mama," Kuruthumu alinong'ona, "sauti ile iliniisha zamani."

Upawa ukaanguka. Kuruthumu alikimbilia mikokoni, akizama topeni mpaka magotini, akinyanyuka, akishika mizizi, na pua yake iliyopona ikavuta harufu ambayo hakuwahi kuisikia maishani mwake lakini akaijua papo hapo, kwa sababu ndiyo hiyo watu wote walimwambia ni yake, harufu ya damu na uozo, ikimjia mbichi kutoka gizani mwa miti.

"Subira!" akaita. "Subira, mwanangu!"

Kisha mtoto akaitika, karibu sana, puani.

"Abee, mama."