Sahani Isiyo na Pilipili

"Ngoja, usimimine! Karai bado iko baridi."

Yasiri alimshika mkewe mkono. Shamira akacheka, bakuli la kiporo likiwa kifuani. Wali ule alikuwa ameupika jana kama alivyoagizwa kwa simu, akauacha upoe mpaka punje zikaachana.

"Sasa huko kwa Wachina, munakula chakula ya jana?"

"Mchele ya leo inashikana, inakuwa sawa na posho ya unga. Wewe angalia tu, mwanafunzi."

"Haya, mwalimu."

Siku za kucheka hivi zilikuwa chache katika nyumba ile ya Koboko. Yasiri alikuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina wanaojenga barabara karibu na Arua, na kurudi kwake nyumbani kulikuwa kwa kubahatisha. Ukimuuliza, anasema Wachina hawajui sikukuu. Shamira alimwamini. Lililomkosesha usingizi lilikuwa moja: miaka sita ya ndoa na hajapata mtoto. Alikunywa dawa za mizizi kutoka kwa mganga wa Adumi, chungu kama nyongo, na Yasiri naye alichukua zake akisema anazinywa kambini. Wanasubiri pamoja, basi. Ndivyo alivyojua yeye.

Mafuta yakaanza kufuka moshi. Yasiri akavunja mayai, akayavuruga haraka, akatia wali na kuugeuza kwa nguvu. Zikafuata karoti, vitunguu vya majani, na sosi ya soya aliyoipitisha pembezoni mwa karai. Jiko zima likanukia. Kupika anajua, hilo tusimnyime.

Akanyoosha mkono kuchukua pilipili. Lakini kabla ya kuitia, akatwaa sahani ndogo, akachota vijiko viwili vitatu, akapuliza, akafunika kwa sahani nyingine na kuiweka kando. Ndipo akatia pilipili. Yote hayo aliyafanya huku akipiga mluzi, bila hata kufikiri.

Shamira aliacha kutabasamu.

"Hiyo ya nani?"

"Gani?"

"Hiyo umefunika. Haina pilipili. Ya nani?"

Mluzi ukakatika.

"Aah, ya kuonja."

"Kuonja unapuliza? Kuonja unafunika?"

"Nimezoea tu, Shami. Iko Mchina moja hakuli pilipili."

"Na huyo Mchina unamupulizia chakula?"

Yasiri akaitazama ile sahani kana kwamba ameiweka mtu mwingine.

"Yasiri, kwa hii nyumba hakuna mutoto. Huyo yako iko na miaka ngapi?"

"Shami..."

"Miaka ngapi?"

"Tatu."

Shamira akakaa chini, palepale sakafuni, bakuli tupu mkononi.

"Na dawa yako ya Adumi? Ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa ninamwaga."

"Kwa hiyo ulijua shida haiko kwako. Mimi ninakunywa, ninatapika, ninakupigia simu, na wewe unaniambia, 'Vumilia Shami, tuko wote.' Kumbe nilikuwa peke yangu!"

"Sikutaka uumie."

"Sasa siumii?"

Yasiri akapiga magoti mbele yake.

"Nisikie. Nitamuleta hapa. Atakuwa mutoto yako. Utamuogesha, utamulisha, Koboko yote itakuita mama."

Tusidanganyane, Shamira alitaka. Alitaka mpaka mikono ikamuuma. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, akafunga macho, akasahau mengine yote.

"Na mama yake?"

"Kiden? Huyo mkimbizi tu kutoka Sudani. Atasema nini?"

Neno hilo lilimzindua Shamira. Alimtazama mumewe na kumwogopa kwa mara ya kwanza.

"Piga simu yake. Weka sauti juu."

"Shami, wacha..."

"Piga!"

Simu ikaita, ikapokelewa.

"Halo, Baba Afisa? Mtoto anakuulizia."

Shamira akainyakua simu. Afisa lilikuwa jina la marehemu mama yake. Yeye na Yasiri walikuwa wamelitunza kwa ajili ya binti yao wa kwanza.

"Si Baba Afisa. Mimi ni Shamira, bibi ya ndoa ya Yasiri."

"Bibi gani? Bibi yake alikufa."

"Nani alisema?"

"Yeye mwenyewe. Alilia mbele yangu. Akasema tupe mtoto jina ya mama ya huyo bibi marehemu."

"Sijakufa, dada. Niko Koboko, ndani ya jiko yangu."

Kiden akaangua kilio.

"Sikujua! Kwa jina ya Yesu, mimi sikujua!"

"Ninaamini. Sasa sikia vizuri. Anataka kukunyang'anya mutoto alete kwangu. Anasema wewe mkimbizi, hauwezi kusema kitu. Usimupe. Hata akuje na wazee, usimupe. Andika namba yangu, akikusumbua nipigie."

Shamira akaitaja namba yake. Kiden akaandika huku akilia.

"Na yeye iko wapi?"

"Iko mbele yangu. Anasikia."

"Basi asikie. Kwa mlango yangu asirudi. Nguo yake atakuta kwa mwenye nyumba."

Simu ikakatwa. Yasiri akainuka, uso umemshuka.

"Shami, umeniharibia."

"Nipe talaka yangu, Yasiri."

Hakuitoa siku ile. Aliitoa wiki iliyofuata mbele ya shehe, kaka yake Shamira aitwaye Asumani akishuhudia, kisha akapanda boda na kuondoka bila kusema anakokwenda. Shamira alirudi nyumbani akiwa mkavu wa macho. Watu wakasema ana moyo mgumu.

Jioni ujumbe ukaingia kutoka namba asiyoijua.

"Dada, ni Kiden. Hii jina ya mama yako, nibadilishe?"

Hapo ndipo Shamira alipolia, akalia kwa sauti mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Alipoweza kuona herufi, akajibu:

"Wacha tu. Mwite hivyo hivyo. Alikuwa mama mzuri."