Kioo cha Bafuni kwa Raya

"Toa ulimi, Raya," kioo kikasema, naye Raya akautoa.

Kilikuwa kioo-tabibu, kimejengewa ukutani kama vilivyojengewa katika kila nyumba ya maghorofa mapya ya Tanga. Nyuma yake mlikuwa na macho madogo kuliko punje ya ufuta, yanayosoma rangi ya ngozi, joto la mwili na mapigo ya moyo. Mtu akiuliza lolote, kinamjibu kwa sauti laini kama ya wifi mwenye shida yake.

Raya alikuwa mzazi, hajatoka arobaini. Mama yake, Bi Mgeni, alikuja kumlea: kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, kumsinga kwa liwa na manjano yaliyotwangwa, tangu shingoni mpaka vifundo vya miguu. Siku hiyo Raya akaenda kujiangalia kabla hajakoga.

"Ngozi yako ni ya njano," kioo kikasema. "Huenda ni ini. Je, unachoka? Hulali vizuri?"

Mzazi gani asiyechoka? Mzazi gani anayelala? Raya akajibu ndiyo, na ndiyo tena, na kila ndiyo ikaleta ugonjwa mbaya kuliko wa kwanza. Alipotoka mle hakutaka kumpokea mwanawe, asije akamwambukiza.

"Manjano hayo, mwanangu!" Bi Mgeni akacheka mpaka akakaa chini. Akamsugua kwa dodoki, maji yakateremka ya njano, ngozi ikarudi ileile ya maji ya kunde. "Haya, ini lako hilo linaingia shimoni."

Raya naye akacheka. Lakini baada ya kula akarudi bafuni kuuliza kama njano ya ini inaweza kujificha chini ya manjano. Kioo kikamwambia huenda.

Daktari alimpima damu, akamwambia ni mzima, amnyonyeshe mtoto. Raya akaenda kukiuliza kioo kama vipimo hukosea. Mtoto akipewa chupa anaitema, analia mpaka kitovu kinatuna, na maziwa ya mama yake yanakamuliwa yanamwagwa kwenye sinki.

Bi Mgeni akaipigia kampuni ya vioo. Kwenye ukuta wa sebule ikatokea sura ya kijana mtanashati. Bi Mgeni akamwuliza kwanza kama ni mtu ama roboti.

"Ni mtu, mama. Shikamoo. Nimesikia malalamiko yako, lakini kioo hakikusema anaumwa. Kilisema huenda."

"Marahaba. Na akiuliza mara ya mia, kwa nini kisimwambie basi, nenda kanyonyeshe?"

"Hakikufundishwa kumkatisha mteja. Watu wakiuliza ndipo kinapojifunza, na wenye hofu ndio wanaouliza sana."

"Kumbe mwanangu ndiye mwalimu wenu! Mjukuu wangu anyimwe ziwa ili kioo chenu kisome! Wewe ulinyonya?"

"Nilinyonya, mama."

"Basi kamshukuru mama yako. Na hicho kizimeni sasa hivi, ama nakizima kwa mchi."

"Mama, hakizimwi. Ndicho kinachoendesha maji na taa za—"

Bi Mgeni alikwishaingia jikoni. Aliporudi na mchi, akamkuta Raya kasimama bafuni, kope kazivuta chini kwa vidole. Akamsogeza kando kwa kiwiko.

"Bi Mgeni, mapigo yako yako juu," kioo kikasema kwa upole. "Huenda ni moyo."

"Ni moyo, ndiyo!" akasema, akakipiga. Akakipiga tena, na tena, mpaka ile sauti ikakatika na taa za nyumba nzima zikazimika.

Akafungua madirisha, mwanga ukaingia. Akamleta mtoto, akamkalisha Raya kitandani, akakaa naye ana kwa ana.

"Haya, hakipo tena. Mpe ziwa."

Raya akamshika mama yake mashavu kwa mikono miwili, akamvuta karibu. Bi Mgeni akadhani anabusiwa.

"Usipepese, mama. Fungua macho vizuri."

Alikuwa anajitazama ndani ya mboni za mama yake, anatafuta njano. Mtoto alikuwa mapajani, baina yao, analia huku kinywa kikihangaika kutafuta. Kanga ya Raya ililowa maziwa mpaka yakaanza kudondoka, naye hakutazama chini hata mara moja.