Bendera Juu ya Jeraha la Hatibu

Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Zubeiri, nahodha, akavuta kamba mpaka viganja vikachubuka, wapi! Mkondo ukawazoa, mikoko ya pwani ya Moa walikotoka ikawa uzi, kisha ikapotea.

Sabiha akamtazama Hatibu, aliyelazwa kwenye sakafu ya boti, paja limefungwa bandeji. Wavuvi wa pande mbili za mpaka walikuwa wamepigana wakigombea maji ya kuvulia, wakashikana mateka. Wakubwa wakanuniana. Shirika la misaada ndilo pekee lililosikilizwa huku na kule, kwa kuwa halina upande: Hatibu arudishwe kwao, na Ayubu, mumewe Sabiha, aachiwe. Hatibu akifa njiani, Ayubu harudi.

Jua likawa tanuri. Hatibu akaanza kuweweseka.

"Apate kivuli, homa itammaliza," akasema Kristina, muuguzi wa shirika.

Kitambaa kikubwa kilikuwa kimoja tu, bendera nyeupe ya shirika.

"Hiyo haishuki, dada," Zubeiri akaonya. "Ndiyo ngao yetu."

"Ishushe," akasema Sabiha.

Wakamfunika. Sabiha akamnywesha maji ya fungu lake, kifuniko kwa kifuniko, midomo yake mwenyewe ikipasuka. Ewe Ayubu! Alitamani hata kule kukoroma kwake. Tangu achukuliwe, kitanda kilikuwa kipana kama uwanja.

"Una mke?" akamuuliza Hatibu.

"Ninaye. Mkali kama wewe."

"Basi usife. Nitamwambia nini miye?"

Alasiri boti ya doria ya kwao Hatibu ikaja mbio, mitutu mbele. Kristina akainyakua bendera akaipunga. Lahaula! Ilikuwa imeloa damu, nyekundu tupu. Risasi ikapita ikilia.

Sabiha akampitishia Hatibu mikono kwapani, akamsimamisha, mgongo wa Hatibu ukiegemea kifua chake.

"Acheni!" Hatibu akapiga ukelele. "Ni mimi, Hatibu! Hawa wananileta nyumbani!"

Mitutu ikashuka. Kamba ikarushwa.

Walipovutwa hadi ufukweni, Gatini, mke wa Hatibu, alimshika mumewe uso, kisha akalowesha pembe ya kanga akamfuta Sabiha midomo. Nyuma yake alisimama Ayubu, amekonda, ndevu zimemjaa.

"Maji yetu ya kuvulia wameturudishia?" akauliza.

Sabiha akampapasa mbavu, moja baada ya nyingine.

"Sijauliza," akasema. "Nimekufuata wewe."