Kuku wa Kumkaribisha Mama Mdogo

Kabla hakujapambazuka, kitu kililia jikoni: ting. Kilikuwa kifuniko cha kioo, kimewekwa juu ya chungu cha umeme na mtu aliyejitahidi kisilie. Chiriku alikuwa macho. Alilala chali akimsikiliza baba yake akinawa mikono, akifuta meza, kisha akitoka na viatu mkononi ili avivalie nje, asiwaamshe watoto.

Baba alikuwa mwoka mikate. Kazi yake ilianza watu wengine wakiwa bado kwenye ndoto, na jioni alirudi na unga hadi kwenye nyusi. Zamani mama ndiye aliyepika. Tangu mama afariki, baba alijaribu kupika akitoka kazini, lakini alikuwa akisinzia kitini na chakula kinaungua. Ndipo wanawake waliofanya kazi na mama walipochanga, wakaleta chungu kile. Unakijaza alfajiri, unakiwasha, unakwenda zako. Kinapika taratibu mchana kutwa, na jioni unakuta chakula kinakusubiri.

Kitinda, mdogo wake Chiriku, alikiita Kobe.

"Kwani kinatembea?" baba alimuuliza siku ile.

"Kinatembea, baba. Ila hakina haraka."

Baba alinunua mapaja ya kuku pamoja na mifupa yake. Alisema nyama isiyo na mfupa hukauka kama kitambaa, lakini yenye mfupa huiva na utamu wake ndani. Alitandika vitunguu na karoti chini, akalaza kuku juu, akatia chumvi, tangawizi na maji kidogo tu, maana kuku hutoa maji yake mwenyewe. Alikuwa na sharti moja.

"Asifunue mtu. Ukifunua, joto linatoka, na Kobe anarudi alikotoka."

Kwa hiyo hakuna aliyefunua mpaka baba arudi.

Siku hiyo mama mdogo alikuwa anakuja kula. Alikuwa mdogo wake marehemu mama, na hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu siku ya mazishi. Hakugombana na mtu. Alipiga simu, alituma matunda, aliuliza hali za watoto, lakini mguu wake haukufika. Sasa alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Alipokubali kuja, baba alianza kufagia hata pembe zisizo na vumbi.

Chiriku alijua kwamba alipaswa kufurahi. Alijitafuta ndani, asione furaha wala huzuni. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya maneno yake mengi, kama yule ndege asiyenyamaza. Watu bado walimwita hivyo, naye aliitika, lakini maneno yenyewe yalikuwa yamekwisha. Hakulia wala hakucheka. Alikuwa kama mkono ulioulalia ukafa ganzi: unauona ni wako, lakini huusikii.

Asubuhi alikuta sare yake imejikunja. Jikoni palikuwa na soketi moja. Alichomoa waya wa Kobe, akachomeka pasi, akaanza na kola.

"Dada! Kiatu changu kimoja kimepotea!" Kitinda alipiga kelele kutoka chumbani.

"Kitafute."

"Nimekitafuta. Hakitaki kuonekana!"

Chiriku alichomoa pasi, akaenda kuinama chini ya kitanda. Kiatu walikikuta ndani ya ndoo ya nguo chafu, na hakuna aliyejua kilifikaje huko. Kengele ya shule ilikuwa karibu kulia. Walifunga mlango wakatoka mbio, na waya wa Kobe ukabaki unaning'inia.

Walipotoka shule, Kitinda alisimama mlangoni akivuta pua.

"Dada, mbona leo Kobe hanuki?"

Chiriku alitazama. Kwa kawaida saa hizo kifuniko cha kioo hutoka jasho hata huwezi kuona ndani. Leo kilikuwa kikavu. Mapaja yalionekana wazi, yana rangi ya waridi, yamekaa ndani ya maji yenye ukungu. Aligusa ubavu wa chungu. Ulikuwa na uvuguvugu kama wa kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Aliuona ule waya, akakumbuka.

Moyo wake haukushtuka. Haidhuru, aliwaza. Kikiiva kimeiva. Alichomeka waya, akazungusha kitufe hadi kwenye moto mkubwa, akakaa kufanya hesabu za shule.

"Atanuka tu," alimwambia mdogo wake.

Na kweli alinuka. Jioni baba aliporudi na mkate kwapani, nyumba nzima ilikuwa imejaa harufu ya tangawizi. Baba alifumba macho, akavuta pumzi.

"Leo Kobe amejitahidi," alisema. "Kama vile anajua tuna mgeni."

Chiriku aliweka sahani mezani.

Mara wakasikia, "Hodi humu."

"Karibu!" Kitinda alikuwa wa kwanza kufika. "Shikamoo, mama mdogo! Tumbo lako limekuwa kubwa! Mtoto amelala?"

"Marahaba, mwanangu. Amelala wapi! Anacheza mpira tangu asubuhi."

Mama mdogo alicheka, lakini hakuingia. Alisimama ameshika mwimo wa mlango, macho yakizunguka chumbani, kutoka kwenye pazia hadi kwenye kiti cha pembeni.

"Ingia, shemeji," baba alisema. "Mlango hauumi mtu."

"Nimekuwa nikiuogopa mlango huu, shemeji. Sikuwa nawakimbia nyinyi. Naogopa nikiingia nitamtafuta."

Baba aliinuka. Alikwenda kuchukua mto kitandani kwake, akauweka kwenye kiti ili shemeji yake aegemeze mgongo. Mama mdogo aliuona ule mto, akaingia, akakaa.

"Afadhali," alisema, akishusha pumzi. Alikuwa mpishi katika jiko la hospitali. "Mchana kutwa nawapikia wagonjwa. Nikirudi kwangu, hata sufuria sitaki kuiona. Kupikiwa na mtu mwingine! Nimeshiba hata kabla sijala."

Baba alifunua chungu. Mvuke ulipanda hadi darini. Alipoinua paja moja kwa kijiko kikubwa, nyama iliteleza, mfupa ukabaki peke yake.

"Umeona, shemeji? Mfupa umetoka wenyewe, wala haukuombwa."

"Mimi nataka paja!" Kitinda alisema, akisimama juu ya kiti.

"Yote ni mapaja, bwana mkubwa. Kaa chini. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Baba alipakua. Chiriku aliitazama sahani yake. Aliwasikia wakizungumza, lakini kwa mbali, kama redio iliyo nyumba ya jirani. Chakula kilikuwa cha moto. Kilinukia. Hakuna aliyejua, na hakuna ambaye angejua.

Mama mdogo hakuanza kula. Aliivuta sahani ya Kitinda, akatoa mfupa, kisha akaipapasa nyama kwa ncha za vidole, taratibu, akitafuta vile vijifupa vidogo vinavyokwama kooni. Kila alichokipata alikipanga ukingoni mwa sahani. Kisha akachota kijiko, akakipuliza.

"Haya, kinywa wazi."

Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akifanya. Alipapasa hivyohivyo, akapanga hivyohivyo. Chiriku alisikia kitu kifuani kikichomachoma, kama sindano zile zinazokuja mkono uliokufa ganzi unapoanza kuamka. Aliona kijiko kikielekea mdomoni mwa mdogo wake. Aliona sahani ya mama mdogo, na lile tumbo nyuma ya sahani.

"Msile!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyodhani. Kijiko kilisimama hewani.

"Una nini, mama?" baba aliuliza.

"Msile. Kobe hakuwaka. Nilimchomoa asubuhi nipige pasi, nikasahau. Nilipotoka shule ndipo nikamwasha. Kuku alikaa mchana kutwa amepoa."

Baba alitazama chungu. Alitazama mvuke. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo kwa ajili ya kuku yule.

"Lakini ameiva," alisema polepole. "Si anachemka huyu? Moto si umeua kila kitu?"

Mama mdogo alirudisha kijiko kwenye sahani, akaisogeza mbali na Kitinda.

"Hapana, shemeji. Nyama ikikaa kwenye uvuguvugu, vijidudu huzaana humo. Moto utaviua, sawa, lakini sumu ambayo baadhi ya vijidudu hivyo huiacha, moto hauiondoi. Kule kwetu chakula cha namna hii hakiendi kwa mgonjwa hata kiwe kinanukia vipi. Pua haiwezi kukuambia."

"Hata mchuzi?" Kitinda aliuliza, akiikodolea macho sahani.

"Hata mchuzi, mwanangu."

"Hata karoti?"

"Hata hiyo karoti."

Baba aliinuka. Chiriku alisubiri kufokewa. Aliona kwamba hata akifokewa, angalau atasikia kitu. Lakini baba alichukua chungu kwa vitambaa viwili, akamimina kila kitu ndani ya mfuko, akaongeza mfuko mwingine juu, akaufunga fundo ili paka wa jirani wasifukue. Alikwenda nje kuutupa. Alikaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa ameshanawa mikono, akaja kuketi karibu na bintiye.

"Ulijua tangu mchana?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukunipigia simu kule kazini?"

"Niliona haidhuru." Chiriku alitazama mikono yake. "Kila kitu naona haidhuru, baba. Sijui kwa nini."

Baba alimgeukia. Aliweka mkono wake mzito kichwani kwa bintiye, akauacha hapo.

Mama mdogo ndiye aliyesema. "Hata mimi nilikuwa hivyo, mwanangu. Nilikuwa naunguza vidole jikoni, nisihisi. Huko si kukosa moyo. Moyo ukiumia sana hulala ganzi kwanza. Utaamka, na ukiamka utauma, nawe usiogope. Lakini sikiliza neno langu. Kusahau waya ni jambo la mtu yeyote. Kunyamaza ndiko kungetulaza wote hospitalini, na huyu mdogo wako, na huyu ambaye hata hajazaliwa. Unapoona huhisi kitu, fanya lililo sawa hivyohivyo, bila kungoja kuhisi. Sema ukweli chakula kikiwa bado kwenye sahani. Kikishafika tumboni, ukweli hauwezi kukitoa."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Na pasi," baba aliongeza, "kuanzia leo tunapiga jioni. Asubuhi soketi ni ya Kobe."

Mayai yalikuwepo, na mkate ulikuwa bado laini. Mama mdogo alitaka kuinuka akapike, baba akamwambia akiinuka mtoto atakosa goli. Kwa hiyo Chiriku alikaanga mayai, Kitinda akakata mkate kwa vipande visivyolingana, na baba akasugua chungu kwa maji ya moto na sabuni mpaka kikalia. Walikula wakipokezana chumvi. Kitinda alimpa mama mdogo kile kipande kinene kuliko vyote.

Walipomaliza, mama mdogo alifunga kitambaa chake kichwani, akaaga. Baba alikwenda kutafuta tochi amsindikize. Chiriku alisimama mlangoni, mahali palepale aliposimama mgeni. Hakuwa na furaha, wala hakulia. Lakini maneno machache yalikuwa yamemjia, akayashika yasije yakampotea.

"Mama mdogo."

"Abee."

"Njoo tena. Hata kama hatujapika."