Tumbo la Mtoto Halipumzishwi

Pale Olmotonyi, ukitaja ndama, watu watakutajia Lesian. Alikuwa na ng'ombe watano tu, lakini sifa zake zilifika mbali. Kila alfajiri alikamua, akafunga madumu ya maziwa kwenye pikipiki, akateremka kwa wateja wake wa Daraja Mbili, mjini. Aliporudi, mara nyingi alimkuta mtu anamsubiri getini.

"Lesian, ndama wangu anahara. Nifanye nini?"

"Mfunge mbali na mama yake. Siku mbili asinyonye. Lipumzishe tumbo."

Kwa miaka kumi na miwili Lesian hakupoteza ndama hata mmoja. Alipenda kulisema hilo. Alilisema hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza.

Lakini alikuwa amepoteza mtoto. Hilo hakulisema kamwe.

Mtoto huyo aliitwa Nashipae, binti yake wa kwanza. Alianza kuhara akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Lesian akafanya alichokijua. Akamwambia mkewe, Naisiae, aende kwa mama yake siku mbili, ili mtoto asinyonye. Siku ya kwanza Nashipae alilia sana. Siku ya pili hakulia, wakadhani amepata nafuu. Siku ya tatu walimzika nyuma ya migomba.

Hadi siku ile majirani walimwita Lesian "Baba Nashipae". Baada ya mazishi wakaacha, maana kwao jina la marehemu halitajwi ovyo. Miaka mitatu ikapita. Lengai alipozaliwa, majirani walipumua. Sasa walikuwa na jina la kumwitia: Baba Lengai.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, Lesian alirudi kutoka mjini akamkuta Naisiae amempakata Lengai. Kanga yake ilikuwa imelowa.

"Ameanza lini?" Lesian aliuliza.

"Tangu alfajiri. Ameshahara mara sita."

Lesian alitazama chini. Lengai naye alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Hakuwa na maarifa mengine.

"Basi nenda kwa mama yako," alisema. "Mimi nitabaki naye. Tulipumzishe tumbo lake."

Naisiae hakupaza sauti. "Nilikwenda mara moja, Baba Lengai. Siendi tena."

Akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya zahanati. Lesian akamfuata nyuma, hasira zimempanda, akijisemea kwamba leo mkewe amemvunjia heshima. Hata hivyo hakumzuia. Siku hiyo miguu yake ilikuwa na akili kuliko kichwa chake.

Zahanati walimkuta Nesi Hedwiga, mama wa makamo kutoka Rombo, aliyeishi nao miaka mingi.

"Shikamoo, mama," walisalimu.

"Marahaba. Karibuni. Mtoto ana nini?"

Naisiae alieleza. Nesi aliyatazama macho ya Lengai. Akaifinya kidogo ngozi ya tumbo, akaiachia, akaangalia inavyorudi. Akauliza kama kuna damu kwenye choo. Haikuwepo.

"Ananyonya?"

"Kila akitaka, mama."

"Vizuri sana. Usiache hata kidogo."

Lesian alishindwa kuvumilia. "Nesi, tumbo linaharisha, halafu tulijaze? Ndama akihara tunamtenga. Tumbo linapumzika."

Nesi hakumcheka. Alifungua pakiti ya ORS, akaimimina yote kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Akampa Naisiae kikombe na kijiko. "Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha uendelee." Halafu akakaa kwenye benchi karibu na Lesian.

"Umewahi kuosha utumbo wa mbuzi?"

"Kila Krismasi."

"Ukiupasua ule mwembamba, ndani ukoje?"

Lesian alisugua vidole. "Laini, kama taulo jipya. Una vinyweleo vidogo vidogo."

"Utumbo wa Lengai uko hivyo hivyo. Vinyweleo hivyo vimefunikwa na seli. Seli ni chembe hai ndogo mno, jicho halizioni. Nyingi kazi yake ni kufyonza chakula na maji na kuvipeleka kwenye damu. Nyingine zinatoa ute, ili vijidudu visigande ukutani. Nyingine zimejificha chini, kwenye vishimo kati ya vinyweleo. Hao ni walinzi. Wanatoa sumu ya kuua vijidudu."

"Sasa kama walinzi wapo, kwa nini anahara?"

"Safari hii vijidudu vimewazidi. Vimeua seli nyingi za kufyonza. Maji hayaingii mwilini, yanapita tu."

"Ndiyo maana nasema zipumzike."

"Zilizokufa hazipumziki, baba. Zinahitaji nyingine zishike nafasi yake. Mle vishimoni kuna seli mama. Kazi yake ni kuzaa seli mpya kila siku. Kwa siku tatu hadi tano hivi, ukuta unaweza kuwa mpya. Lakini seli hizo mpya zinajengwa kwa nini?"

Lesian alimtazama Lengai akimeza kijiko kingine.

"Kwa chakula kinachopita hapo hapo. Ukimnyima mtoto maziwa, umewanyima mafundi tofali. Nyumba haijengwi, na mtoto anazidi kukauka. Seli zilizobaki bado zinaweza kufyonza maji, yakiwa na sukari na chumvi kwa kipimo. Ndiyo kazi ya ORS."

"Siku tatu hadi tano," Lesian alirudia taratibu. Alikuwa akihesabu. Nashipae alikufa siku ya tatu. "Mama, yule wa kwanza... angenyonya, angepona?"

Nesi Hedwiga alikumbuka msiba ule. Hakutaka kumdanganya. "Siwezi kukuapia. Lakini angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Ulifanya ulichokijua."

"Nilichokijua kilikuwa cha ndama," Lesian alisema. Akalia pale pale kwenye benchi, mbele ya wanawake wa kliniki, na hakuona aibu.

Walipoondoka walipewa vidonge vya zinki. "Kimoja kila siku kwa siku kumi," Nesi aliwaambia. "Zinki inasaidia utumbo kujijenga. Anyonye, na ale chakula alichozoea, uji au mtori wa ndizi. Akilegea, akishindwa kunywa, au mkiona damu, mrudi papo hapo. Na wewe baba, nawa kwa sabuni ukitoka zizini, kabla hujamshika mtoto."

Siku ya nne Lengai aliacha kuhara. Naisiae alitaka kuweka vidonge vilivyobaki akiba.

"Hapana," alisema Lesian. "Siku kumi. Mafundi bado wako kazini." Kila asubuhi aliyeyusha kidonge kwenye kijiko cha maji yeye mwenyewe.

Alimwuliza pia bwana mifugo. Akaambiwa kwamba hata ndama anayehara hanyimwi maziwa. Wale ndama wake walipona kwa nguvu zao, si kwa ujuzi wake. Tangu siku hiyo hakujisifu tena.

Mwezi wa sita, Lengai akiwa tayari anakimbiza kuku uani, jirani yao Abdiel alifika getini akihema.

"Baba Lengai, mtoto wangu anahara tangu jana. Nimemtenga na mama yake, kama ulivyonifundisha kwa ndama. Mbona analegea?"

Lesian alichukua ufunguo wa pikipiki.

"Panda. Tumpeleke kwa mama yake anyonye, kisha zahanati. Sasa hivi."

"Kwani dawa imebadilika, Baba Lengai?"

"Mimi ni Baba Nashipae," alisema Lesian. Abdiel alishtuka, maana jina hilo halikuwa limetajwa katika boma lile kwa miaka mingi. "Panda, ndugu yangu. Njiani nitakueleza alivyokufa."

Mtoto wa Abdiel alipona. Watu bado wanakwenda kwa Lesian kuulizia ndama, na yeye huwauliza kwanza kuhusu watoto. Siku hizi majirani wamelirudia jina lake la zamani. Wakiita, "Baba Nashipae!" yeye huitika.